Sufuria Lililoitwa Tunduru

Juni iliyopita nilifungua sanduku la nguo za zamani nimtafutie mpwa wangu gauni jeupe la komunio ya kwanza, na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuzia mende ikanipanda puani kabla sijakiona kitambaa chenyewe. Ni harufu kali, ya kukohoza, wala si ya kumfanya mtu atabasamu. Lakini mimi nilikaa pale sakafuni nikitabasamu peke yangu, maana ilinirudisha moja kwa moja mtaa wa Lizaboni kule Songea, uani kwetu, asubuhi ya baridi ya kukata masikio, nikiwa na miaka tisa, nimevaa gauni hilohilo na ndani yake sweta la kahawia.

Anayeijua Songea ya mwezi wa sita hatashangaa kusikia habari ya sweta. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka milima ya Matogoro na kukaa mtaani mpaka saa tatu, na mama alikuwa na msimamo kwamba hakuna mahali kwenye Maandiko palipoandikwa kwamba mtoto aende kwa Mungu na kifua kilichobana. Mikono ya sweta ilichungulia kwenye mikono ya gauni. Katika picha ya siku ile naonekana kama mkate uliopakwa siagi upande usio wake.

Lakini si sweta ninalotaka kuwasimulia. Ni sufuria.

Tulipakana na Mama Zuhura, katikati yetu pakiwa na uzio wa michongoma wenye tundu moja chini, ambalo mimi na Zuhura binti yake tulipitia kila siku. Mama Zuhura alikuwa Myao wa Tunduru, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, aliyekuja Songea na mumewe aliyefanya biashara ya korosho. Alikuwa amemzidi mama miaka kadhaa, na mama alimwita dada. Alikuwa na sufuria kubwa kuliko yote mtaani. Alipewa na mama yake siku ya ndoa, likasafiri juu ya lori kwa siku tatu za matope ya masika, na kwa sababu hiyo watu wakaliita Tunduru. Mgeni angemsikia mama akiniambia, "Hebu kimbia Tunduru mara moja, urudi kabla maji hayajachemka," angedhani ana kichaa, maana Tunduru yenyewe ilikuwa safari ya kutwa nzima kama gari halikuzama. Mimi na Zuhura tuliwahi kuingia humo sote wawili tukajifunika, na tukatolewa kwa kuvutwa masikio.

Harusi ikitokea, msiba ukitokea, mbio zilikuwa kwa Mama Zuhura. Hakuwahi kumnyima mtu. Alichofanya ni kuuliza tu, akiwa ameshalishika kwa mikono miwili, "Masharti ni yale yale?" Na mwombaji alijibu, "Yale yale, dada." Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Sufuria hilo lilikuwa la nyumba ya Kiislamu, na nyama ya nguruwe isingeingia humo.

Jumamosi, siku moja kabla ya komunio yangu, mama alikwenda mwenyewe kuliazima la kupikia wali. Akaulizwa, akajibu. Jioni hiyo mume wa Mama Zuhura alikuja kutuchinjia kuku, ili wageni wa dini zote wale bila wasiwasi. Na jioni hiyohiyo akafika Mjomba Gaudensi, kaka yake mama, akitokea kijijini kwake upande wa Namtumbo kwa baiskeli, nyuma amefunga mfuko wa salfeti uliovimba. Ndani mlikuwa na nusu ya nguruwe. Alikuwa na nguruwe mmoja tu, akamchinja kwa ajili yangu. Niliposikia hivyo nilimkumbatia miguu.

Asubuhi tukaenda kanisani, mjomba akabaki. Alisema nyama yake haipikwi na mtu mwingine. Sasa, mtu amebaki peke yake uani, nyama imejaa beseni, masufuria yetu makubwa yote yana kuku, na pale kando kuna sufuria kubwa, safi, tupu, halina kazi. Ninyi mngefanya nini? Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Tulirudi na vigelegele, na nilipoingia uani pua yangu ikatangulia kujua. Mama alikwenda mpaka jikoni, akainua mfuniko, akatazama, akaurudisha taratibu kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Mjomba alisimama pembeni na mwiko mkononi, uso wote kicheko, akisubiri sifa.

Mama akamwambia amefanya vizuri. Kisha akainama, akanirekebisha ua la kichwani ambalo halikuwa limepinda, akasema karibu na sikio langu, "Imelda, wewe hujaona kitu. Umesikia?"

Nikaitikia kwamba nimesikia. Haikuwa imetimia saa moja tangu nipokee komunio.

Wali ukapikwa kwa mafungu katika masufuria madogo. Nyama ya mjomba ikahamishiwa kwenye mabeseni, ikaliwa nyuma ya nyumba, na Tunduru likafichwa stoo chini ya magunia ya mahindi. Mama Zuhura alikuja na Zuhura, wamependeza, wameniletea soksi nyeupe zenye lesi. Walikula wali kwa kuku, wakausifu. Alinishika kichwa akaniombea Mungu anikuze. Mama aliwahudumia kuliko mgeni yeyote, akiwaongezea mchuzi kabla haujaisha, lakini nilimwona: kila alipozungumza na Mama Zuhura alitazama sahani.

Jumatatu alilisugua sufuria kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa kama jipya, akanitwisha nilirudishe. Kwa nini hakwenda mwenyewe, kama alivyokwenda kuliomba, sikujiuliza siku hiyo. Mama Zuhura alilipokea, akalizungusha juani, akacheka.

"Mama yako ananiaibisha," akasema. "Limerudi safi kuliko lilivyotoka."

Halafu akaniambia kwa furaha kwamba limewahi vizuri, kwani Alhamisi atamsomea hitima marehemu baba yake. Ndugu wangetoka Tunduru, na angepika pilau humo.

Siku hizo tatu sikulala njaa wala sikupigwa, lakini sikumbuki nyingine utotoni mwangu zilizokuwa ndefu kama hizo. Niliwaza mengi. Niliwaza kwamba labda mvua itanyesha Alhamisi, mwezi wa sita, na hitima iahirishwe. Niliwaza kulitoboa sufuria kwa msumari wa baba, nikaenda hadi kuuchukua msumari wenyewe, nikaurudisha. Usiku nilisali Mungu amwambie Mama Zuhura kwa ndoto, nikimweleza kwamba kwake yeye ni kazi ndogo.

Jumatano mchana nilikuwa barazani kwao, tunachambua mchele mimi, Zuhura na mama yake, kila mmoja na ungo wake. Mama Zuhura alikuwa akisimulia habari za baba yake, jinsi alivyokuwa akila pilau kwa macho yaliyofumbwa. Alikuwa na raha. Akanitania kwamba siku hizi mimi ni mtu wa Mungu, mchele nilioushika mimi hauhitaji hata kuoshwa. Zuhura akacheka. Mimi nikaanza kulia.

"Mama Zuhura," nikasema, "mle Tunduru alipikwa yule mnyama."

Mkono wake ulisimama juu ya ungo. Sikuinua macho, nilitazama vidole vyake, vyenye hina iliyofifia, na chenga moja ya mchele iliyoshika kwenye kucha. Kisha akauliza swali moja tu, kwa sauti ileile ya chini.

"Mama yako anajua?"

Hapo ndipo ningeweza kumwokoa mama. Neno moja lingetosha: hajui. Mjomba mgeni alikosea, mama hakuona, basi. Nililiona neno hilo likiwa tayari mdomoni, na mpaka leo sijui kwa nini halikutoka.

"Anajua," nikasema.

Akaniambia niendelee kuchambua, mchele hauna kosa. Akainuka, akalibeba sufuria, akalipeleka nje na kulifudikiza chini kando ya uzio.

Hitima ikasomwa, pilau likapikwa katika masufuria ya mtaa wa pili. Mama Zuhura hakuja kwetu kugomba. Hakupiga kelele, hakumtuma mtu. Lakini watu walioingia na kutoka waliliona Tunduru limelala kifudifudi siku ya shughuli kubwa kama ile, wakatazama upande wetu, na kabla ya jioni mtaa mzima ulikuwa umeshaelewa.

Jioni hiyo niliporudi nyumbani nilikuwa nimejiandaa kwa fimbo. Fimbo haikuja, na hilo likawa baya zaidi. Mama aliacha kunitaja jina. Alisema, "Mtu aende bombani," na mtu huyo nilikuwa mimi. "Mtu aangalie maharage."

Hasira yake kubwa, hata hivyo, haikunielekea mimi wala mjomba. Ilimwelekea Mama Zuhura. Hilo lilinishangaza sana. Ndani ya wiki moja niligundua kwamba jirani yetu, aliyekuwa mtu mwema kwa miaka yote niliyoishi duniani, alikuwa na kasoro zisizohesabika. Kuku wake walichakura mchicha wetu. Redio yake ilikuwa na sauti ya juu. Alitembea kama mtu aliyeibeba Songea yote kichwani. Kicheko chake kilikuwa cha kujifanya. Vitumbua vyake, ambavyo mama alivila kila asubuhi tangu sijazaliwa, vilikuwa na mafuta mengi mno na vilimletea kiungulia. Na lile sufuria, kwani ni dhahabu? Ametuanika mtaani kwa ajili ya bati. Nilisikiliza yote hayo nikiwa na fumbo kichwani: sisi ndio tuliomkosea, sasa ilikuwaje yeye ndiye akawa mbaya?

Wiki tatu zikapita hivyo. Mama alipomwona Mama Zuhura anakuja njiani, alikumbuka kitu alichosahau nyumbani. Mimi na Zuhura tulikutana bombani tu, tukapanga ndoo zetu zifuatane ili tupate muda wa kuzungumza. Siku moja akanieleza kwamba ustadhi wao wa madrasa aliulizwa, akasema sufuria halijaharibika hata kidogo. Linaoshwa mara saba, na mojawapo kwa udongo, basi, linakuwa safi kama kawaida.

Nikamuuliza, sasa mbona hawalioshi?

"Nilimuuliza mama," Zuhura akasema. "Kasema kuosha sufuria anajua, wala si hilo analongoja."

Sikuelewa kitu. Jioni tukiwa tunakula ugali na likolo, yaani zile mboga za majani ambazo nyumbani hatukuziita kwa jina jingine, niliyasema yote kama nilivyoyasikia, nikimwambia baba. Baba alikuwa fundi cherehani, mtu mpole ambaye maneno yake aliyapima kama kitambaa cha mteja. Alitafuna, akameza, akamgeukia mama.

"Hivi Mama Zuhura amekukosea nini hasa?"

Mama akasogeza bakuli la mboga, akalirudisha pale pale lilipokuwa.

"Kuku wake," akasema hatimaye.

"Kuku," baba akasema, akaendelea kula.

Hakuna aliyecheka. Mimi nililiuma shavu langu kwa ndani mpaka likauma kweli.

Jumamosi iliyofuata, yapata saa nne, jua limeshatoka na mtaa umejaa watu wanaokwenda na kurudi sokoni, mama alijifunga kitenge chake cha kanisani. Akachukua ndoo ya maji, akaweka udongo mwekundu wa kichuguu kwenye kopo, akaniita. "Imelda," akasema, mara yake ya kwanza kunitaja jina baada ya wiki hizo zote, "beba ndoo ya pili."

Nilidhani tutazunguka nyuma, kwenye uzio, ambako hakuna macho. Mama akatoka kwa mlango wa mbele. Tukapita barabarani, ndoo kichwani, mbele ya duka, mbele ya akina mama waliokuwa wakiuza nyanya, ambao walinyamaza mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kuona umbali wa hatua arobaini ukawa mrefu vile. Akapiga hodi. Mama Zuhura alikuwa barazani anachambua maharage. Akatazama ndoo, akatazama udongo.

"Shikamoo, dada," mama akasema.

"Marahaba. Karibu."

Basi. Mama akaenda kando ya uzio, akaligeuza sufuria, akafukuza mijusi miwili, akapiga magoti na kitenge chake cha kanisani. Akaosha, akamwaga. Akaosha tena, akamwaga. Mama Zuhura aliendelea kuchambua maharage, macho kwenye ungo, kana kwamba uani kwake hakuna mtu. Zuhura alinisogelea, tukashikana mikono.

Mama akamwaga maji kwa mara nyingine, akasema chini chini, "Tatu."

"Mbili," akasema Mama Zuhura bila kuinua macho. "Ile ya kwanza hukugusa mikono ya sufuria."

Mama akaosha tena, mikono ya sufuria akaisugua kama anaikomoa. "Tatu," akasema kwa nguvu zaidi.

"Hiyo sasa ni tatu."

Ya nne ikawa ya udongo. Ya tano na ya sita zikapita. Kufikia hapo maji yalikuwa yametuishia, na nikaona Mama Zuhura ameweka ungo chini. Akaingia ndani, akatoka na ndoo yake mwenyewe, akaja kusimama karibu na mama. Ya saba alimimina yeye, mama akasugua. Walipomaliza akasema, "Saba. Limetakata."

Mama hakuinuka. Akachota tena kwa mikono, akaanza upya.

"Nimesema zimetimia," Mama Zuhura akamwambia.

"Hii si ya sufuria, dada." Mama alisema akiwa ameinamia ndani, sauti yake ikivuma humo kama inatoka kisimani. "Kakangu hakujua. Mimi nilijua. Nikakuficha, na ukaja ukamwombea mwanangu dua huku najua. Naomba unisamehe."

Mama Zuhura akachuchumaa, kazi iliyomchukua muda kwa urefu wake. Akamshika mama bega.

"Ungeniambia Jumapili ileile," akasema, "ningenuna mpaka Jumanne. Jumatano tungeosha. Alhamisi ungekuja kunisaidia kupika. Angalia sasa, karibu mwezi mzima nimekosa mtu wa kumsema huyu mwenye duka."

Mama akaanza kucheka, na akiwa katikati ya kicheko akalia, kisha hatukuweza kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Mama Zuhura naye akaanza. Walikaa pale chini kwenye matope mekundu, kitenge cha kanisani kimeharibika kabisa, na akina mama wa nyanya wameacha biashara zao wamejipanga nje wanachungulia.

Mle Tunduru yalipikwa maharage hayohayo mchana huo. Mama Zuhura alichota upawa wa kwanza, akaonja mbele ya mama, akasema chumvi haitoshi. Kesho yake asubuhi vitumbua vikarudi mezani kwetu. Mama alikula vinne. Sikusikia habari ya kiungulia.

Kwa miaka mingi nilijiona mimi ndiye shujaa wa habari hii. Mtoto wa miaka tisa aliyesema kweli! Nilipokuwa kijana niliisimulia hivyo, nikikaza sana pale barazani na kupitia haraka pale kwenye ndoo. Ilinibidi niwe mtu mzima, mwenye kazi na jina la kulinda, ndipo nielewe kwamba mimi sikuwa nimebeba mzigo mkubwa. Kosa halikuwa langu. Kweli niliyoisema ilikuwa ya mtu mwingine, na aliyeilipia ni mama, aliyetembea hatua zile arobaini mchana kweupe akiwa mtu mzima anayeheshimika.

Nilielewa pia lile fumbo la kuku na redio. Mama hakuwa mtu mbaya wala mwenye kisirani. Aliona aibu tu, na aibu haikai ndani ya mtu ikatulia, inatafuta sababu. Kumchukia Mama Zuhura kulikuwa kwepesi kuliko kumtazama usoni. Kwa hiyo kila siku aliyochelewa kwenda kuomba radhi alihitaji kosa jingine la jirani ili aweze kulala.

Mwaka juzi yalinikuta mwenyewe. Ninafundisha shule moja huko Matogoro, na nilipoteza fomu za maksi za darasa zima. Mwalimu mkuu alipouliza, nikamwambia mwenzangu wa chumba cha walimu hajaniletea. Alikuwa ameshaniletea. Aliulizwa mbele ya watu, akababaika, akaonekana mzembe, na mimi nikakaa kimya nikisahihisha madaftari. Fomu nilizikuta jioni kwenye mkoba wangu.

Siku mbili baadaye nilikuwa nimekaa chumba cha walimu, nikamsikia mwenzangu huyo anapita. Nikawaza, hivi huyu viatu vyake kwa nini vinapiga kelele namna hii? Na chai, kwa nini anaivuta kwa sauti? Na anajidai, huyu, tangu aje hapa anajidai.

Nikaweka kalamu chini. Nikajicheka kwa sauti, mpaka walimu wawili wakageuka kunitazama. Halafu nikachukua zile fomu, nikainuka, nikamfuata kwenye meza yake wakati chumba bado kimejaa watu.